Namna Seva Inavyoipima Barua Pepe Kabla ya Kuipokea

Hotuba kwa wakuu wa ofisi, wahasibu na mafundi wa kompyuta wa vyuo, hospitali na vyama vya akiba na mikopo, Kampala

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa vyuo na hospitali, viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunialika nizungumze nanyi kuhusu kazi ambayo ikifanyika vizuri haionekani. Mnapofungua sanduku la barua pepe asubuhi, mnaziona zile barua zilizoruhusiwa kupita. Hamzioni zile ambazo seva, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua, ilizikataa usiku kucha, wala hamjui ni kwa hoja gani ilizikataa. Nimeombwa nieleze hoja hizo, na nitazieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu mkuu wa ofisi asiyejua kichujio chake, yaani programu inayotenga barua taka na barua njema, kinaamua vipi hawezi kumwuliza fundi wake maswali yanayostahili, na fundi asiyeulizwa maswali huachiwa mzigo wote peke yake. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya uamuzi wa kichujio inategemea mambo mawili tunayopaswa kuyafanya sisi wenyewe hapa Uganda: kutangaza ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina letu, na kukifundisha kichujio lugha tunazoandikiana. Programu inaweza kununuliwa ng'ambo au kupatikana bure, lakini mambo hayo mawili hayaji pamoja nayo.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani aliwatumia watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo la kompyuta ambalo hawakuliomba. Mwaka 1982 Jon Postel alichapisha itifaki ya SMTP, yaani kanuni za mawasiliano ya seva, ambayo hadi leo ndiyo inayosafirisha barua kutoka seva moja hadi nyingine. Itifaki hiyo iliandikwa kwa ajili ya jamii ndogo ya watafiti waliofahamiana na kuaminiana, kwa hiyo haikuweka njia ya kumthibitisha mtumaji. Seva inayotuma inaweza kutaja anwani yoyote ile kuwa ndiyo ya mwandishi, na itifaki yenyewe haina namna ya kuuliza kama dai hilo ni la kweli. Karibu kila nitakachokieleza leo ni nyongeza iliyobuniwa baadaye ili kuziba pengo hilo.

Naomba tuifuate barua moja ya mfano, ya aina ambayo kila mhasibu aliyeko hapa ataitambua. Inajidai kutoka ofisi ya fedha ya chuo fulani, inamwendea mzazi aliyeko Mbale au Gulu, na inamwambia kwamba benki ya chuo imebadilika, kwamba ada ya muhula huu ilipwe kwenye akaunti mpya iliyotajwa ndani ya kiambatisho, na kwamba mwanafunzi ambaye hajalipiwa kufikia Ijumaa hataruhusiwa kufanya mtihani. Nembo ya chuo ipo, jina la mhasibu lipo, na sarufi haina kasoro. Seva itaijuaje?

Inaanza kumchunguza mtumaji kabla hata barua yenyewe haijawasili. Seva inayotuma inapofungua mawasiliano, jambo la kwanza linalojulikana ni anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, na hiyo ni vigumu kuighushi, kwa kuwa majibu lazima yarudi hapo hapo. Seva yetu huichukua anwani hiyo na kuiuliza katika orodha za kuzuia, ambazo hujibu kupitia mfumo uleule wa DNS unaotafsiri majina ya tovuti kuwa namba za IP. Orodha za aina hiyo zilianza mwaka 1997 kwa juhudi za Paul Vixie na wenzake, na mwaka uliofuata Steve Linford alianzisha Spamhaus, ambayo orodha zake hutumiwa na seva nyingi duniani. Jibu hurudi kwa muda mfupi sana. Ikiwa anwani hiyo imekuwa ikimwaga barua taka, seva yetu hujibu kwa namba ya 550, maana yake imekataa, na mazungumzo huishia hapo bila barua yenyewe kupokelewa hata herufi moja. Pamoja na hilo, seva huangalia kama anwani hiyo ina jina katika DNS, kama jina hilo linarejea kwenye anwani ileile, na kama jina ambalo mtumaji amejitambulisha nalo lina maana yoyote. Kompyuta ya nyumbani iliyoambukizwa na kugeuzwa kuwa kitumwa cha wahalifu kwa kawaida hushindwa mtihani huu mwepesi.

Kuna mbinu nyingine ya hatua hii ambayo Evan Harris aliieleza mwaka 2003, nayo ni kuahirisha. Seva isiyomfahamu mtumaji humjibu kwa namba ya 451: jaribu tena baadaye. Seva halali ina foleni, itahifadhi barua na kurudi baada ya dakika chache. Programu nyingi za barua taka hazina subira hiyo, zinaondoka na kwenda kwa mwingine. Ni mbinu iliyosaidia sana, ingawa huchelewesha zile barua zenye namba za siri za kuingilia akaunti, ambazo muda wake huisha upesi, na kwa sababu hiyo siipendekezi tena katika ofisi zinazotegemea namba hizo kila siku.

Sasa nitasimama hapa kwa muda, kwa kuwa jambo linalofuata ndilo lililonileta. Barua pepe, kama ile ya posta, ina bahasha na ina karatasi iliyomo ndani. Bahasha ni ile anwani ya mtumaji ambayo seva hupeana wakati wa mazungumzo yao. Karatasi ni ile sehemu ambayo msomaji huiona, ikiwa na jina la mwandishi juu yake. Hakuna kanuni katika SMTP inayotaka anwani hizo mbili zifanane. Tapeli wa ada anaweza kuandika kikoa chake mwenyewe, yaani lile jina linalofuata alama ya @ katika anwani, kwenye bahasha, kisha akaandika kikoa cha chuo kwenye karatasi, na mzazi ataona cha chuo tu.

Nyongeza ya kwanza ya kuziba pengo hili ni SPF, iliyochapishwa rasmi mwaka 2006. Mwenye kikoa huweka katika DNS mstari mmoja wa maandishi unaotaja anwani za IP zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina la kikoa hicho, na mwishoni anaeleza anwani nyingine zote zichukuliweje. Seva inayopokea husoma kikoa kilicho kwenye bahasha, huutafuta mstari huo, na kulinganisha. Nyongeza ya pili ni DKIM, iliyochapishwa mwaka 2007, ambayo kwayo seva inayotuma hutia barua sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuithibitisha huwekwa hadharani katika DNS ya kikoa. Mtu akibadilisha namba ya akaunti njiani, sahihi haitalingana tena. SPF huvunjika barua inapopitishwa kutoka sanduku moja kwenda jingine, kwa sababu anwani ya IP inakuwa ya mpitishaji. Sahihi ya DKIM huvuka salama mradi maandishi yaliyotiwa sahihi hayajaguswa. Ndiyo maana zinahitajika zote mbili.

Hata hivyo, hizo mbili peke yake hazimzuii yule tapeli. Anaweza kuwa na SPF safi na DKIM safi za kikoa chake mwenyewe, huku karatasi ikiendelea kuonyesha kikoa cha chuo. Hapo ndipo ilipokuja DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012 na kuchapishwa kama waraka wa kiufundi mwezi Machi 2015. DMARC inadai kwamba kikoa kilichofaulu mtihani wa SPF au wa DKIM kiwe kilekile anachokiona msomaji. Kisha inampa mwenye kikoa uwezo wa kuziambia seva zote duniani cha kufanya barua ikishindwa: kuitazama tu na kutoa taarifa, kuiweka kando na kikasha kikuu, au kuikataa kabisa. Chuo kikiwa kimetangaza kwamba barua isiyothibitishwa ikataliwe, barua ile ya ada itakataliwa na seva ya mzazi, hata kama mzazi huyo anatumia huduma ya bure na hajawahi kusikia habari za DMARC maishani mwake. Kinga ya mzazi wa Mbale inaandikwa na fundi wa chuo kilichoko Kampala. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mara nyingi mzazi aliyetapeliwa huambiwa kwamba alikosa uangalifu, ilhali kikoa kilichotumiwa kumdanganya kiliachwa wazi na wenyewe.

Tangu Februari 2024 jambo hili si hiari tena kwa watumaji wakubwa. Google na Yahoo zilianza kudai kwamba yeyote anayetuma barua nyingi kwa wateja wao, ambapo Google iliweka kiwango cha barua 5,000 kwa siku, awe na SPF, DKIM na DMARC, na kwamba malalamiko ya barua taka yasifikie asilimia 0.3. Watumaji wadogo nao wanatakiwa wawe angalau na SPF au DKIM. Chama cha akiba kinachowatumia wanachama wake taarifa za hesabu bila rekodi hizo kisishangae kusikia kwamba taarifa zinaangukia katika folda ya barua taka.

Tuseme sasa kwamba tapeli wetu ni mjanja zaidi. Hakughushi kikoa cha chuo, bali alisajili chake kinachofanana nacho: badala ya jina linaloishia na nukta ac nukta ug, alisajili jina lenye vistari, chuo-ac-ug, likiishia na nukta com. Kikoa hicho ni mali yake halali, kwa hiyo SPF, DKIM na DMARC zote zitapita bila doa. Hapa seva inabidi iingie ndani ya barua na kuisoma.

Njia iliyozoeleka ni ya kutoa alama. SpamAssassin, programu huria iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001, ina mamia ya kanuni, na kila kanuni inayolingana na barua huongeza au kupunguza alama. Jumla ikifika 5.0, ambacho ndicho kiwango cha kawaida inachokuja nacho, barua hutiwa alama kuwa taka. Kikoa kilichosajiliwa siku chache tu zilizopita huongeza alama. Jina linaloonekana kuwa la mhasibu huku anwani ya kujibu ikielekea sanduku la bure huongeza alama. Kiungo ambacho maandishi yake yanaonyesha tovuti ya benki lakini kinakupeleka kwingine ni dalili nzito, na kadhalika kiungo kilichomo katika orodha za viungo vya ulaghai vinavyojulikana. Herufi nazo huchunguzwa: baadhi ya herufi za Kikirili zinafanana kabisa na za Kilatini machoni, lakini kwa kompyuta ni namba tofauti, na majina ya namna hiyo katika DNS huandikwa kwa kuanza na xn na vistari viwili, kwa hiyo seva huyatambua pale ambapo jicho la binadamu haliwezi. Hakuna dalili moja inayotosha kumhukumu mtu. Ofisi changa ina kikoa kipya, na mzee aliyestaafu anaweza kutumia sanduku la bure kwa nia njema kabisa. Alama hukusanywa, na uamuzi hutolewa kwa jumla yake.

Miongoni mwa kanuni hizo kuna moja ambayo haikuandikwa na mtu bali hujifunza, na hii ndiyo inayotuhusu sisi waandishi wa Kiswahili. Msingi wake ni kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes, mwanahisabati wa Uingereza ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Watafiti waliijaribu kwa barua taka katika miaka ya 1990, na mwezi Agosti 2002 makala ya Paul Graham iliifanya ienee. Kichujio hupewa mafungu mawili ya barua, moja la barua taka na jingine la barua njema, kisha huhesabu kila neno linajitokeza mara ngapi katika kila fungu. Tuseme neno "zawadi" limeonekana katika barua taka 200 kati ya 1,000, na katika barua njema 10 tu kati ya 1,000. Barua mpya yenye neno hilo, kwa ushahidi wa neno hilo peke yake, ina uwezekano wa asilimia 95 hivi wa kuwa taka. Tuseme pia neno "mahafali" limeonekana kinyume chake, mara 10 katika taka na mara 200 katika njema. Barua yenye maneno yote mawili, labda mwaliko wa sherehe ya kuwapa wanafunzi bora zawadi, itasimama katikati kabisa, na maneno mengine ndiyo yataamua. Kichujio hakielewi maana ya neno lolote. Kinajua tu limezoea kukaa na nani.

Je, kichujio ambacho hakijawahi kupewa barua ya Kiswahili kitafanya nini kikiipata? Maneno yote yatakuwa mageni kwake, sehemu hii itanyamaza, na uamuzi utaachiwa zile kanuni nyingine ambazo nyingi ziliandikwa kwa kutazama Kiingereza. Maneno ya Kiingereza ya kuahidi mamilioni ya urithi yamo katika kanuni kwa miaka mingi; ahadi ileile ikiandikwa kwa Kiswahili sanifu hupita kimya kimya. Kuna hatari pia upande wa pili. SpamAssassin ina kiongezi cha kutambua lugha, na fundi akikiwasha huku ameorodhesha Kiingereza pekee kuwa lugha inayokubalika, basi barua ya mwalimu wa Kiswahili kwa mkuu wake huongezewa alama kwa sababu tu imeandikwa kwa Kiswahili. Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri mwaka 2022 liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Itakuwa aibu kwa taasisi ya umma kukiruhusu kwenye ubao wa darasa huku seva yake ikikihesabu kuwa dalili ya utapeli.

Kiswahili kina ugumu wake ambao fundi anapaswa kuujua. Kichujio hukata maneno kwa kufuata nafasi zilizopo kati yake. Kwa Kiingereza neno la kushinda huwa na sura chache. Kwetu sisi "umeshinda", "utashinda", "mmeshinda", "aliyeshinda" na "ulichoshinda" ni maneno matano tofauti machoni pa kichujio, na kila moja lazima lijengewe historia yake. Kwa hiyo Kiswahili kinahitaji mifano mingi zaidi kuliko Kiingereza kabla kichujio hakijakomaa, na Kiganda, ambacho nacho hubandika viambishi kwa wingi, kina hitaji hilohilo. SpamAssassin haianzi kabisa kutumia sehemu hii mpaka ipewe angalau barua taka 200 na barua njema 200. Hicho ndicho kiwango cha kuanzia. Mimi ningependa kuona taasisi ikikusanya nyingi zaidi ya hapo, za Kiswahili, za Kiganda, za Kiingereza, na zile tunazoandika kwa kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja, kwa sababu hivyo ndivyo ofisi zetu zinavyoandikiana.

Kuna jambo la sheria hapa. Kukusanya barua za watu ili kukifundisha kichujio ni kuzigusa habari zao. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inambana kila anayekusanya na kuchakata habari binafsi. Kichujio chenyewe hubaki na hesabu za maneno, lakini folda ya mafunzo na folda ya barua zilizozuiliwa zina barua nzima, zikiwamo za wagonjwa na za wadaiwa. Wafanyakazi waelezwe, barua zitolewe kwa ridhaa, na watu wanaoweza kufungua folda hizo wawe wachache na wajulikane kwa majina. Katika hospitali ningeweka sharti hili mbele ya mengine yote.

Kuhusu virusi nitasema machache, kwa sababu misingi yake inafahamika zaidi. Tarehe 4 Mei 2000 barua iliyoanzia Ufilipino ilisambaa duniani ikiwa na kiambatisho ambacho kwa macho kilikuwa faili la maandishi linaloishia na TXT, kumbe jina lake halisi liliendelea mpaka vbs, yaani programu, na Windows ilikuwa ikiificha sehemu hiyo ya mwisho. Tangu hapo seva iliyotunzwa vizuri haiamini jina la faili. Inasoma baiti za mwanzo: programu ya Windows huanza na herufi MZ, na faili lililofungashwa kwa zip huanza na PK, liitwe jina lolote. Kisha programu kama ClamAV hulinganisha yaliyomo na sahihi, yaani alama za utambulisho, za virusi vinavyojulikana, ikifungua vifurushi vilivyomo ndani ya vifurushi hadi kina kilichowekewa kikomo, maana wako wanaotengeneza vifurushi vinavyofura hadi kuijaza diski ya seva. Kirusi kipya kisicho na sahihi hutafutwa kwa dalili za jumla, au faili hufunguliwa ndani ya kompyuta ya majaribio iliyotengwa ili kuona kama litaanza kufuta mafaili au kuita seva ya mbali. Faili la zip lenye nenosiri halisomeki kwa seva, na matapeli wanalijua hilo. Ndiyo sababu huandika nenosiri ndani ya barua yenyewe. Ofisi ya fedha haina haja ya kupokea faili la namna hiyo kutoka kwa mtu asiyejulikana, na ni halali kabisa seva ilizuie mpaka mpokeaji aliombe. Mafundi wanaotaka kujua kama kinga yao inafanya kazi wasitumie kirusi cha kweli: lipo faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 tu na lisilo na madhara, ambalo programu za kukinga virusi zimekubaliana kulitambua.

Turudi kwa barua ya ada, katika sura yake iliyo ngumu kuliko zote. Tapeli ameiba nenosiri la mhasibu wa kweli, na anaandika kutoka sanduku lake la kweli, kwa Kiingereza kizuri au Kiswahili kizuri, bila kiungo na bila kiambatisho: "Tafadhali malipo ya leo yaelekezwe kwenye akaunti hii." Anwani ya IP ni safi, sahihi zote ni sahihi, hakuna kirusi. Kichujio kinachotazama barua zinazoingia hakina cha kukamata hapa, na nisingependa mtu yeyote atoke ukumbini akidhani kwamba kinacho. Kinachosaidia ni mambo mengine. La kwanza ni kutazama barua zinazotoka: sanduku ambalo kwa kawaida hutuma barua chache kwa siku likianza kutuma mamia kwa saa, au likiingiwa kutoka nchi ambayo mwenyewe hayupo, au likiwekewa kanuni ya kupeleka barua zote kwingine, seva ilifunge na kumwita fundi. Hilo linalinda pia jina letu, kwa kuwa ofisi nyingi ndogo hutumia anwani moja ya IP, na sanduku moja lililoibwa linaweza kuiingiza ofisi nzima katika orodha za kuzuia nilizozitaja mwanzoni, hata barua za mkurugenzi zikakataliwa kila ziendako. La pili ni uthibitisho wa hatua mbili wakati wa kuingia kwenye sanduku. La tatu liko nje ya kompyuta: hakuna mabadiliko ya akaunti ya benki yanayotekelezwa kwa barua pepe peke yake, bali mhasibu humpigia simu mhusika kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe si kwa namba iliyoandikwa katika barua hiyo.

Niseme pia kuhusu makosa ya kichujio. Barua njema iliyozuiliwa ni hasara ya kweli: zabuni iliyochelewa, majibu ya maabara yaliyopotea, barua ya kuitwa kazini ambayo kijana hakuiona mpaka nafasi ikapewa mwingine. Seva ikikataa barua wakati wa mazungumzo yenyewe, mtumaji halali hupata taarifa kutoka kwa seva yake na anaweza kupiga simu. Ikiipokea kwanza na kuitupa baadaye bila kusema, hakuna anayejua. Ikiipokea na kisha kutuma taarifa ya kuikataa, taarifa hiyo mara nyingi humwendea mtu asiye na hatia ambaye anwani yake ilighushiwa. Kwa hiyo kataa mapema zile zilizo dhahiri, weka kando zile zenye mashaka, na mpe kila mpokeaji orodha fupi kila siku ya zilizowekwa kando ili aiokoe iliyo yake. Kila anapoiokoa moja, fundi airudishe katika fungu la mafunzo la barua njema.

Mafundi mlioko hapa, naomba msiruke moja kwa moja kwenye amri ya kukataa katika DMARC. Anzeni na hatua ya kutazama tu, na wekeni anwani ya kupokelea ripoti. Seva kubwa za dunia zitawaletea, kwa kawaida kila siku, faili linaloonyesha ni anwani zipi za IP zimetuma barua kwa jina la kikoa chenu na ni ngapi zimefaulu. Katika ripoti hizo mtawakuta matapeli, lakini mtakuta pia mfumo wa kulipia ada ambao kampuni fulani iliwajengea na haukuwahi kuingizwa katika SPF, na mashine ya kunakili iliyoko masjala inayotuma nyaraka kwa jina la chuo. Hivyo virekebishwe kimoja kimoja. Angalieni pia kwamba mstari wa SPF hauruhusiwi kuisababishia seva kuuliza DNS zaidi ya mara 10, na ukizidi hapo hesabu yote huhesabiwa kuwa na kosa. Ripoti zikishakuwa safi kwa wiki kadhaa, ingieni hatua ya kuweka kando, kisha ya kukataa. Wakuu wa ofisi, kazi hii inahitaji barua yenu ya kuwaagiza idara zote zitaje mifumo yao inayotuma barua, kwa sababu fundi hana mamlaka ya kuiuliza idara ya fedha.

Nitabaki ukumbini mchana huu. Waliokuja na kompyuta zao, tutazisoma rekodi za vikoa vyao pamoja, na kwa kila kikoa kisicho na SPF tutaandika rasimu yake kabla ya saa kumi.